Samli ya Mjomba

Sepuka, 17 Aprili 1955

Mdogo wangu Alute,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwangu mimi dada yako mpaka kwa yule ng'ombe mwekundu ambaye bado anapiga watu mateke. Sisi hatujambo, ila magoti yangu. Mvua imekuwa ya kubahatisha, lakini uwele umesimama na ndege ni wengi kuliko watoto wa kuwafukuza. Mpe shikamoo yangu mama mkwe wako huko Kilosa, na wifi yangu Luciana umwambie kwamba doti ya kanga aliyotuma imefika salama. Watoto wako wawili ambao sijawaona uwashike vichwa kwa niaba yangu.

Sasa nikuambie. Magdalena anaolewa. Najua kwako bado ni mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa kuwa ndivyo ulivyomwacha ulipokwenda vitani. Sasa ananipita kimo na anajua kuitikia misa kuliko katekista. Padri atatangaza ndoa baada ya mavuno, na arusi tumeiweka Jumamosi ya tarehe kumi na nane mwezi wa sita.

Mume ni Antipasi, mwana wa Mughwai. Nimeliandika jina hilo waziwazi, ulisome mara mbili ukitaka.

Padri atafanya ya kanisani, lakini ya nyumbani unayajua. Binti wa kwetu havuki kizingiti mpaka mjomba ampake samli kipajini na kumwambia maneno ya kumtoa. Mimi sina kaka wengine. Marehemu mume wangu hana wa kukaa mahali pako, na hata angekuwapo, samli si kazi ya baba. Kwa hiyo usiniletee hadithi ya kuja au kutokuja. Panda gari moshi mpaka Itigi, pale utapata lori la Mwarabu anayekuja kuchukua nta na asali.

Samli nimeanza kuiweka.

Dada yako,
Yunisi


Kilosa, 9 Mei 1955

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea siku nyingi kidogo baada ya kuandikwa, kwa sababu mvua ilikata reli upande wa huku na genge langu tulilala porini siku tisa tukipanga mataruma. Sasa mimi ni nyapara wa watu kumi na wanane. Luciana anakusalimu sana, mama mkwe anasema marahaba. Mtoto mkubwa ameanza shule, mdogo ameota meno.

Habari ya Magdalena imenifurahisha mno. Nilisoma barua kwa sauti, Luciana akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza. Nitakuja bila shaka. Mwezi wa sita nitaomba likizo, na bwana wa reli ni mtu wa kusikia.

Niambie, pombe utapikiwa na nani? Je, zizi lilibomolewa au ni lile lile? Na ule ukuta wa nyumba ya mama ulioinama, mliufanyaje? Nataka kujua yote. Nitaleta shuka nyeupe kwa bibi arusi na kofia kwa wazee.

Ni mimi mdogo wako,
Alute


Sepuka, 3 Julai 1955

Alute,

Hatujambo. Tumevuna, si haba. Mbuzi watatu wamekufa kwa kuhara. Mama Antipasi alikuwa na homa, amepona.

Tarehe kumi na nane imepita. Uwele tuliulowesha wanawake sita, ukaota, tukauanika, tukausaga, tukapika siku mbili, moshi machoni. Unajua pombe yetu, ikishaiva haina subira. Ijumaa niliwatuma watu barabarani kuangalia lori. Lori likaja na magunia ya chumvi. Jumamosi wazee wakaketi. Jumapili pombe ikaanza kuchacha, wakasema si vizuri kumwaga chakula, wakainywa yote. Wameondoka wakiimba nyimbo za arusi bila arusi. Mimi nikabaki na mitungi ya kuosha.

Padri amekasirika kwa kuwa alitangaza mara tatu. Magdalena hakulia, jambo ambalo limeniuma zaidi. Amekunja nguo zake akasema, "Mama, bila mjomba sitoki. Wifi zangu watanisema nilitoka kama mbuzi aliyekata kamba." Na Antipasi amepata kazi ya kufundisha Mkalama, anatakiwa aende na mkewe kabla ya mwezi wa tisa. Akienda peke yake mwaka mzima huko, sijui kama atarudi na moyo ule ule. Wasichana wa Mkalama nao wana macho.

Sasa nitalisema mimi, kwa sababu wewe hulisemi na nimechoka kulizunguka kama kuku anayezunguka kinu.

Mwaka wa arobaini na nne uliandika kutoka Burma kwamba Mughwai amekufa. Serikali haikuleta karatasi yoyote, lakini barua yako ilitosha, maana mlitahiriwa siku moja, mkaandikishwa jeshini siku moja, na ni wewe uliyekuwa na kalamu. Uliandika kwamba ulimwona akikata roho. Tukanyoa nywele. Tukachinja dume. Matanga yakaisha, wazee wakamkabidhi mkewe kwa Fabiano mdogo wake, kama desturi ilivyo. Mwaka wa arobaini na sita Mughwai akashuka Itigi na mguu mbovu, akatembea mpaka hapa, akamkuta mkewe ana mimba ya Fabiano.

Hakupiga mtu. Aliambiwa adai mkewe, akakataa kudai. Alijenga kibanda ng'ambo ya korongo, anachonga mizinga ya nyuki, na Antipasi alikuwa akilala huku siku mbili na kule siku mbili. Wewe tangu siku hiyo hujakanyaga Sepuka. Hata mama alipokufa ulituma blanketi.

Ulikosea. Vita vina moshi, watu wanakosea. Miaka kumi na moja ya kukimbia kosa ni mingi mno, mdogo wangu. Mughwai mwenyewe ameuliza mara mbili kama utakuja. Hakuuliza kwa ukali.

Tumepanga upya, tarehe ishirini mwezi wa nane. Njoo.

Yunisi


Kilosa, 24 Julai 1955

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeumia sana kusikia habari ya mbuzi. Mwezi wa sita bwana mkubwa wa reli alikuja kukagua daraja, na nyapara hawezi kuondoka wakati wa ukaguzi. Nilikuandikia barua ya kueleza, huenda imepotea Dodoma. Halafu jipu lilinitoka mguuni, nikashindwa kuvaa kiatu.

Uliyoyaandika nimeyasoma. Mambo ya vita hayafai kuandikwa kwenye barua. Ni kweli nilikosea.

Je, haiwezekani Fabiano au mzee mwingine apake samli? Siku hizi mambo yanabadilika, huku Kilosa naona watu wanaoa kwa padri tu na kula wali, basi. Lakini ukisema lazima mimi, nitakuja tarehe ishirini. Nimetuma blanketi moja zito la Magdalena kwa mkono wa fundi wa reli anayehamia Itigi, pamoja na shuka na kofia mbili. Mwambie mjomba wake anampenda.

Jipu limepona.

Alute


Sepuka, 4 Septemba 1955

Alute,

Salamu. Blanketi limefika. Ni zuri, lakini halina mkono wa kupaka samli wala ulimi wa kusema neno.

Barua ya mwezi wa sita haikupotea Dodoma. Hukuiandika. Nimekulea, nilikufuta kamasi, usinidanganye.

Nitakueleza ya tarehe ishirini, kwa sababu hutasikia kwa mtu mwingine. Tulilowesha uwele tena. Safari hii wanawake walikuja wanne, wawili walisema wanaumwa migongo nami sikuwalaumu. Pombe iliiva Ijumaa. Lori lilikuja Ijumaa hiyo hiyo, likashusha Mhindi mmoja mgonjwa na katoni za sabuni. Jumamosi asubuhi upande wa waoaji walifika, wakaketi nje, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Padri alikuwa amekwisha kuwafungisha ndoa kanisani alfajiri, pete vidoleni, na bibi arusi akawa amerudi kwangu, yuko ndani, hatoki. Mchana ukafika. Kibakuli cha samli kikayeyuka juani, nikakiingiza kivulini, nikakitoa, nikakiingiza. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeweza kulala nimesimama. Nilikuchukia kidogo, Alute. Nakuambia ili ujue.

Hapo Mughwai akainuka kwenye kigoda cha baba wa bwana arusi. Akaja polepole na ule mguu, akavuka uwanja, akakaa kwenye mkeka wetu, upande wa bibi arusi, mahali pako. Mzee mmoja akamwuliza, "Mughwai, umepotea? Wewe ni wa kule."

Akasema, "Mimi na Alute tuna jando moja. Kwa sheria yetu mtoto wa dada yake ni mpwa wangu. Mahali pake hapawezi kukaa patupu wakati mimi nipo."

Mzee akasema, "Mtu hawezi kukaa pande mbili za arusi moja. Ukimtoa binti, nani atampokea?"

Akasema, "Atampokea Fabiano, akae kwenye kigoda changu. Yeye ameshazoea kukaa mahali pangu."

Wapo waliocheka, kisha wakaona aibu. Fabiano aliinama kwa muda mrefu kabla ya kukaa pale. Mama Antipasi alijifunika uso kwa kanga. Sijui alikuwa analia au la, sikutazama.

Mughwai akachukua samli. Nawe unajua kwamba anayesimama badala ya mtu husema kwa jina la mtu yule. Akamshika Magdalena kipaji, akasema kwa sauti wote wasikie: "Mimi mjomba wako Alute ninakutoa. Nenda, uzae, usirudi kwa hasira. Ukiitwa, itika." Alisema jina lako bila kukwama. Magdalena akavuka kizingiti. Hapo ndipo mtoto wangu alipolia, na mimi nikalia, na pombe ikanywewa na watu waliokuwa na haki ya kuinywa.

Wamekwenda Mkalama siku nane zilizopita. Nyumba ni kimya.

Sikuombi tena uje. Arusi imekwisha, sina binti mwingine. Nimekueleza tu.

Yunisi


Kilosa, 25 Septemba 1955

Dada,

Shikamoo. Luciana na watoto hawajambo.

Barua yako nimeisoma kazini, nikaacha genge likae bila nyapara mpaka jioni. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Naomba umsomee Mughwai, mkiwa wawili tu. Nawe utaisikia, siwezi kuepuka hilo. Usinijibu kwa haraka.

Alute

*

Mughwai,

Shikamoo sikuamkii, kwa kuwa sisi ni rika, na sijui neno lingine la kuanzia.

Dada yangu anafikiri nilikosea. Watu wote wanafikiri hivyo, nami nimewaacha wafikiri. Sikukosea. Sikukuona ukifa.

Ulipigwa mguu na ubavu, ukaanguka kwenye mto mkavu. Mimi nilikuwa mbele yako. Nilipogeuka nilikuona umeegemea kiwiko, ukaniita. Umbali ulikuwa kama kutoka mlangoni kwa dada mpaka zizini, si zaidi. Risasi zilikuwa zinapiga majani juu yangu. Nilikutazama, na ulijua nimekutazama. Kisha nikakimbia na wenzangu.

Sajini aliniuliza, "Yule mwenzako?" Nikasema amekufa. Nilidhani nikisema hivyo litakuwa limekwisha, maana ungekuwa umekufa kweli muda si mrefu. Neno likishasemwa kwa sajini halirudi. Baadaye tuliondolewa pale. Sikusikia kwamba Wahindi wabeba machela walikuokota. Nikaandika nyumbani. Nikaongeza kwamba nilikuona ukikata roho, ili mkeo asikae akingoja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba mtu akiandika kuwa rafiki yake amekufa, haulizwi alimwacha wapi.

Niliposikia umerudi nilifurahi siku moja. Siku ya pili niliogopa, na uoga huo ndio nimeishi nao. Nimekupoteza wewe, nikakupotezea mke, nikamkosa mama yangu kaburini, na sasa umesimama mlangoni kwa dada yangu ukisema jina langu. Sina haki na jina hilo tena.

Nina likizo siku kumi na nne kuanzia tarehe ishirini na tatu mwezi wa kumi. Safari hii ni kweli nimeomba, nayo imeandikwa kwenye daftari la ofisi. Lakini sitapanda gari mpaka nijue kama unataka kuniona. Ukisema hapana nitaelewa.

Alute


Sepuka, 16 Oktoba 1955

Alute,

Hatujambo. Magdalena ameandika kutoka Mkalama, anasema maji ni ya mbali na mumewe anamsaidia kuchota, watu wanamcheka mwalimu wa watu. Mvua bado. Ng'ombe mwekundu tumemuuza, nimechoka naye.

Nilimsomea. Nilivuka korongo Jumatano, nikamkuta anachonga mzinga. Hakuacha kuchonga nilipoanza. Nilipofika kwenye mto mkavu aliweka tezo chini. Aliniambia nirudie pale pa mlangoni na zizini. Nikarudia. Akasema, "Ndivyo. Ilikuwa karibu hivyo."

Akakaa. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeyajua, na nilikuwa nataka kukupiga kofi na kukukumbatia, nami siko karibu nawe hata kwa kimojawapo.

Kisha akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Nilimwambia mtu mmoja tu, mama Antipasi, niliporudi. Nikamwambia Alute alinitazama akakimbia. Akasema ni homa, Alute hawezi. Mama yenu naye angesema hawezi. Nikaona hakuna wa kuniamini, nikanyamaza. Ikafika mahali nami nikaanza kujiuliza kama niliota. Miaka kumi na moja nangoja mtu mwingine aliyekuwa pale aseme kwamba ilikuwa."

Nikamwuliza, "Ulijua, na bado ukasema jina lake mbele za watu?"

Akasema, "Magdalena hakuwa Burma."

Nikamwuliza nikuandikie nini, uje au usije. Akacheka, mara ya kwanza namsikia akicheka tangu arobaini na sita, na hakikuwa kicheko cha furaha sana. Akasema, "Nina neno langu la kumwambia, wala si la kuandika. Mambo yetu yaliharibiwa na barua. Mimi siandiki, na wewe usiniandikie."

Leo alfajiri ameondoka kwa miguu kwenda Itigi. Amechukua kibuyu cha asali na fimbo. Asali ni ya watoto wako, alisema. Fimbo ni ya mguu, nadhani. Nilimkumbusha kuwa likizo yako bado wiki nzima. Akasema mguu wake nao unahitaji wiki, na akifika atakaa stesheni atazame kila gari linaloshusha watu kutoka upande wa Dodoma. Nilimwambia asubiri jibu lako kwanza, akasema amekwisha kusubiri.

Neno alilo nalo silijui. Sikumwuliza, na hata ningelijua nisingekupa. Huenda ni zuri, huenda ni baya, ni lako.

Barua hii naipeleka posta ya Singida kesho, naomba ikufikie kabla ya tarehe ishirini na tatu. Ni ya mwisho. Sina nguvu tena ya kuwasomea wanaume wawili mioyo yao. Kama hutakuja, Mughwai atakuwa amekaa juani Itigi na mguu wake, na ni wewe utakayechukua kalamu, umwandikie karani wa stesheni amsomee kwamba arudi nyumbani, Alute hayupo kwenye gari. Mimi siandiki hilo.

Dada yako,
Yunisi